Kuhesabu Seli za Kinga: Usanifishaji wa Vipimo vya Maabara na Namna ya Kuufundisha Darasani

Kila mwalimu aliyewahi kusahihisha mitihani pamoja na wenzake anaijua shughuli inayotangulia kalamu nyekundu. Kabla ya kugawana bahasha, wasahihishaji huketi pamoja, huusoma mwongozo, kisha husahihisha karatasi chache zile zile, kila mtu peke yake. Halafu hulinganisha alama. Kwa insha moja, huyu ametoa 14 na yule ametoa 9. Hapo ndipo mjadala unapoanza: je, kosa la herufi likirudiwa mara tano lihesabiwe mara moja au mara tano? Hujadiliana mpaka wakubaliane, na ndipo kazi yenyewe inapoanza. Mtahiniwa aliyeiandika insha hiyo hayumo chumbani. Hana habari kwamba saa ile moja ndiyo inayoamua kama atapewa alama za kazi yake au alama za bahati ya kuangukia mikononi mwa msahihishaji fulani.

Katika makala haya tunakusudia kueleza shughuli ya namna hiyo hiyo inayofanyika mbali na karatasi za mitihani, yaani katika maabara zinazohesabu seli za kinga zinazokitambua kirusi fulani. Tumelichagua jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, linafanyika jirani nasi: kutoka Iyula, katika Wilaya ya Mbozi, mtu akishika barabara kuu ya kwenda Mbeya hufika siku hiyo hiyo katika mji ambao kwa miaka mingi umekuwa na maabara za utafiti wa chanjo ya UKIMWI. Pili, tumegundua, na tutaeleza tulivyogundua kwa aibu, kwamba somo la vipimo tunalifundisha vibaya katika shule zetu na hata katika vyuo vyetu. Tunawafundisha wanafunzi kupata jibu. Hatuwafundishi kulishuku.

Yafaa tuanze na kinga yenyewe. Mwili ukiingiliwa na virusi hujilinda kwa njia nyingi, na mbili kati ya hizo ndizo zinazohusika hapa. Njia ya kwanza ni kingamwili, ambazo ni protini zinazoelea katika damu na kuvishika virusi kabla havijaingia katika seli. Njia ya pili ni seli ziitwazo seli T. Hizi hushughulika na virusi ambavyo vimekwisha kuingia ndani: huitambua seli ya mwili iliyoambukizwa, huiua, au huzipasha habari seli nyingine kwa kumwaga kemikali maalumu. Kingamwili ni rahisi kupimwa, kwa kuwa zimo katika majimaji ya damu. Seli T ni kazi ngumu zaidi. Kila seli T hutambua kitu chake kimoja, kama ufunguo na kitasa chake, na zile zinazokitambua kirusi kimoja mahususi ni chache mno. Aghalabu katika seli 10,000 za damu huenda ikawapo moja tu, au isiwepo hata moja.

Basi mtafiti anayejaribu chanjo ana swali la hesabu: je, baada ya sindano, hizo seli chache zimeongezeka? Kama zilikuwa hazipo, je, sasa zipo? Na kama mtu mmoja amechanjwa Mbeya, mwingine Dar es Salaam na mwingine nchi ya mbali, je, hesabu zao zaweza kuwekwa katika jedwali moja?

Swali hilo si la kubuni. Katika miaka ya 2006 na 2007 Mbeya ilishiriki pamoja na Kampala ya Uganda na Kericho ya Kenya katika jaribio lililojulikana kwa namba RV172, lililohusisha watu 324 wenye afya njema waliojitolea. Mwaka 2007 jaribio jingine, HIVIS03, lilianza Dar es Salaam chini ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Waliojitolea walikuwa 60, nao walikuwa askari polisi. Baada yake yakafuata majaribio ya TaMoVac, ambayo jina lake limeunganisha Tanzania na Msumbiji, na ambayo yalifanyika Dar es Salaam, Mbeya na Maputo. Huko Mbeya kazi hiyo ilikuwa chini ya kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1979. Mikoa yetu haikuchaguliwa ovyo. Maambukizi yalikuwa mengi, barabara ya Zambia ilipitisha watu wengi, na virusi vyenyewe vilikuwa vya aina zilizochanganyika. Wakati huo Iyula na Tunduma zilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016.

Sasa tueleze namna seli hizo zinavyohesabiwa. Njia iliyotumika zaidi katika majaribio hayo huitwa elispoti. Ilibuniwa mwaka 1983, kwanza kwa kuhesabu seli zinazotoa kingamwili, na baada ya miaka michache ikageuzwa ili ihesabu pia seli T. Wazo lake ni jepesi kiasi kwamba mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kulishika. Seli yenyewe haionekani kwa macho, wala kwa sura haitofautiani na jirani zake. Lakini ikikutana na kitu inachokitambua humwaga kemikali iitwayo interferoni-gama. Basi badala ya kuitafuta seli, tunatafuta alama ya kile ilichokimwaga. Ni kama kuhesabu watu waliolala kando ya njia usiku kwa kuhesabu majivu ya mioto yao asubuhi.

Kazi hufanyika hivi. Damu hutolewa mkononi, nayo hufikishwa maabara mapema. Huko huwekwa juu ya kimiminika chenye uzito maalumu na kuzungushwa kwa mashine, mpaka chembe nyekundu zitue chini na tabaka jembamba la chembe nyeupe libaki katikati. Tabaka hilo huvutwa kwa uangalifu, huoshwa, na seli zake huhesabiwa. Mililita moja ya damu hutoa kama milioni moja hadi mbili za seli hizo. Kisha huchukuliwa sahani ya plastiki yenye vishimo 96, safu nane kwa kumi na mbili, kila kishimo kikiwa na utando chini yake. Utando huo umekwisha kupakwa kingamwili zinazonasa interferoni-gama. Katika kila kishimo hutiwa seli, tuseme 200,000, pamoja na vipande vifupi vya protini ya kirusi, viitwavyo peptidi. Sahani huwekwa katika kabati lenye joto la nyuzi 37, sawa na mwili wa mtu, ikalala humo usiku kucha. Seli inayokitambua kirusi huamka, humwaga interferoni-gama, na utando hunasa kemikali hiyo pale pale seli ilipokaa. Siku ya pili seli zote huoshwa na kutupwa. Hutiwa kingamwili nyingine na kimeng'enya na rangi, na mahali palipokuwa na seli iliyoamka hujitokeza doa la mviringo. Doa moja ni seli moja. Madoa huhesabiwa, na jibu huandikwa kwa kila seli milioni.

Vishimo vingine vina kazi ya kukilinda kipimo dhidi ya udanganyifu wa kujidanganya. Vipo vyenye seli bila peptidi yoyote: humo tunataka kuona utupu, au madoa machache sana. Vipo pia vyenye kemikali inayoamsha karibu seli T zote bila kujali zinatambua nini: humo tunataka kuona utando umejaa madoa. Cha kwanza kikijaa, jibu lolote la sahani ile halina thamani. Cha pili kikiwa kitupu, seli zilikuwa zimekufa, na hakuna haki ya kusema kwamba mtu huyu hana kinga.

Tuchukue mfano wa hesabu, ambao mwalimu aweza kuutumia ubaoni. Vishimo vitatu vya mtu mmoja vimetoa madoa 18, 22 na 20. Wastani ni 20 kwa seli 200,000, yaani 100 kwa milioni. Vishimo visivyo na peptidi vimetoa wastani wa madoa 2, yaani 10 kwa milioni. Tukitoa, tunapata 90. Kanuni mojawapo iliyotumika katika majaribio ya chanjo ya UKIMWI ilitaka jibu lifike angalau 55 kwa milioni na lizidi mara nne ile hesabu ya vishimo vitupu. Mtu huyu amepita: 90 ni zaidi ya 55, na 100 ni zaidi ya mara nne ya 10.

Lakini tuseme mhudumu wa maabara alihesabu seli 200,000 bila kutenganisha zilizo hai na zilizokufa, na nusu yake zilikuwa zimekufa kwa kuchelewa barabarani. Katika kishimo sasa zimo seli hai 100,000 tu. Madoa yatakuwa kama 10, na yale ya vishimo vitupu kama 1. Kwa kuwa karatasi inasema 200,000, atapata 50 kwa milioni, atoe 5, abaki na 45. Mtu yule yule, damu ile ile, chanjo ile ile; amehama kutoka upande wa waliopata kinga hadi upande wa wasiopata. Hakuna aliyesema uongo. Kila namba iliandikwa kama ilivyoonekana. Tunawasihi walimu wasiupite mfano huu haraka, maana ndani yake ndimo ulimo uzito wote wa usanifishaji.

Mambo yanayoweza kuliharibu jibu ni mengi, na mengine ni madogo kiasi cha kuchekesha. Muda tangu damu kutolewa hadi seli kutengwa ni mmojawapo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba seli zinazokusudiwa kugandishwa zinafaa zishughulikiwe ndani ya saa 8. Zikichelewa zaidi, uwezo wao wa kuitikia hupungua. Maabara nyingi hugandisha seli ili zipimwe baadaye, zikihifadhiwa katika baridi ya nitrojeni kimiminika, na kila anayeziyeyusha kwa haraka au kwa kulegea hupoteza sehemu yake. Kuna pia majimaji ya damu ya ndama ambayo seli hulishwa: shehena moja ya majimaji hayo yaweza kuziamsha seli bila kirusi chochote, ikaleta madoa ya uongo, na shehena nyingine isifanye hivyo. Peptidi nazo lazima zifanane na virusi vya mahali. Anayempima mtu wa Mbeya kwa vipande vya kirusi cha Ulaya aweza kukosa kinga iliyopo. Na mwisho kuna jicho. Doa kubwa lenye ukungu pembezoni na doa dogo jeusi lenye ncha kali si kitu kimoja. Hilo la pili huenda ni vumbi au uchafu wa rangi. Mashine ya kusomea sahani huamua kwa jinsi ilivyopangwa na mtu.

Wanasayansi walianza lini kulichukulia jambo hili kwa uzito? Maabara moja moja zilikuwa zikijichunguza tangu zamani, lakini mwanga mkubwa ulikuja zilipokubali kupimwa pamoja. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya maabara 11 zilizoshiriki katika majaribio ya kimataifa ya chanjo ya UKIMWI. Zote zilipewa seli za watu wale wale. Kwa jumla zilikubaliana kuhusu nani anaitikia na nani haitikii, lakini idadi za madoa zilitofautiana. Mwaka 2008 yakachapishwa matokeo ya zoezi kubwa zaidi, lililoandaliwa na muungano wa watafiti wa chanjo za saratani. Katika awamu ya kwanza maabara 36 za nchi tisa zilipelekewa seli zile zile na kuachwa zitumie kila moja njia yake iliyoizoea. Karibu nusu yake zilishindwa kumtambua mtoaji damu ambaye mwitikio wake ulikuwa hafifu. Hizi hazikuwa maabara za wanaoanza. Zilikuwa za watu wenye shahada za juu, wanaochapisha matokeo yao, na kila moja iliamini kwamba njia yake ni nzuri.

Waandaaji hawakuziamuru maabara zote zifuate njia moja. Walitafuta ni mambo gani machache yaliyozitenganisha maabara zilizofaulu na zilizoshindwa, wakatoa mapendekezo: kila maabara iwe na mwongozo ulioandikwa wa kuhesabu seli hai na zile zinazokufa, seli zilizoyeyushwa zipumzishwe usiku mmoja kabla ya kupimwa, majimaji ya kulishia seli yajaribiwe kwanza, kuwe na mwongozo wa kusoma sahani, na jibu la mashine lipitiwe na jicho la mtu, watumishi wafunzwe.

Hapa inafaa tutofautishe maneno mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Kusanifisha ni kuwataka wote wafanye vile vile: chombo kile kile, dawa ile ile, dakika zile zile. Kulinganisha ni kuwaacha watu na njia zao, mradi wakubaliane juu ya yale machache ambayo yakiachwa huru huharibu jibu. Mkulima wa Mbozi anaielewa tofauti hii bila kufundishwa. Akiuza kwa debe, kuna debe lililojazwa likafutwa kwa ubao na kuna debe lenye kichuguu juu yake. Na gunia lililoshonewa kilemba cha lumbesa huitwa gunia moja kama gunia jingine. Serikali ilipotaka mazao yauzwe kwa mizani iliyokaguliwa ilikuwa ikisanifisha. Wanunuzi na wauzaji wa kijiji wanapoafikiana kwamba debe ni la kufuta, kila mtu na debe lake, hao wanalinganisha.

Katika Afrika ya Mashariki majaribio ya chanjo yalifuata zaidi njia ya kusanifisha, na kwa sababu nzuri: watu waliochanjwa Nairobi, Entebbe, Kigali na Lusaka walipaswa kuhesabiwa pamoja. Maabara za miji hiyo, zilizokuwa zikishirikiana na shirika la kimataifa la chanjo ya UKIMWI, IAVI, zilipewa vyombo vya namna moja na miongozo ya namna moja, zikawa zikipimwa ustadi mara kwa mara pamoja na maabara ya London. Mwaka 2009 ilichapishwa taarifa kwamba maabara za mabara matatu zilipata majibu yanayokubaliana. Tunaomba msomaji aitazame taarifa hiyo kwa jicho la mwalimu. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba damu ya Mwafrika lazima isafirishwe nje ndipo ipimwe sawasawa. Ilibainika kwamba palipo na mwongozo, mafunzo na ukaguzi, anayepima Entebbe na anayepima London hupata jambo moja.

Jambo jingine la karibu na hilo lihusulo Mbeya lisisahauliwe. Kabla ya kusema kwamba chanjo imeidhuru damu ya mtu, sharti ijulikane damu ya mtu mzima mwenye afya wa mahali pale ikoje. Kwa miaka mingi vitabu vilivyotumika vilikuwa na viwango vya Ulaya na Marekani. Mwaka 2008 vilichapishwa viwango vilivyotokana na watu wazima wenye afya wa kusini mwa Tanzania, na mwaka uliofuata vikachapishwa vya watu 2,105 kutoka Rwanda, Uganda, Kenya na Zambia. Hapo ilionekana wazi kwamba watu wengi ambao vitabu vya nje vingewaita wagonjwa hawakuwa wagonjwa. Kwa mfano, aina moja ya chembe nyeupe huwa chache kwa Waafrika wengi bila madhara yoyote. Mtu mzima na mwenye afya angeweza kukataliwa katika jaribio kwa kosa la kitabu.

Sasa tuje kwenye darasa. Tulikuwa Iyula tukiwakagua wanachuo wetu katika mazoezi ya kufundisha. Mmoja wao alikuwa na kipindi cha biolojia, na kwa ushauri wetu alitengeneza zana ya kuonyesha namna seli chache zinavyohesabiwa katika seli nyingi. Zana hiyo ilikuwa beseni lenye punje 2,000: za mahindi meupe 1,940 na za maharage mekundu 60. Mahindi ni seli za kawaida, maharage ni zile zinazokitambua kirusi. Darasa liligawanywa katika makundi sita. Kila kundi lichote punje 200, lihesabu maharage, liandike ubaoni, kisha lirudishe punje zake katika beseni. Kwa hesabu ya kawaida kila kundi lilitarajiwa kupata maharage 6.

Makundi yaliandika 5, 7, 3, 6, 9 na 14.

Mwanachuo wetu alifurahia 5, 6 na 7. Alisema 3 na 9 "si mbaya". Alipofika kwenye 14 aliwaambia wanafunzi wa kundi lile kwamba wamekosea, warudie. Wakarudia, wakaandika 8. Aliwaambia wawe waangalifu zaidi. Wakarudia tena, wakaandika 6. Akawapongeza, akafuta 14, akaandika 6 mahali pake, na wastani wa darasa ukatoka 6 kamili. Kipindi kiliisha kwa wakati. Ubao ulikuwa safi. Sisi tuliokaa nyuma na fomu ya ukaguzi tulimpa alama za juu katika kipengele cha matumizi ya zana, na nyingine za juu katika kipengele cha hitimisho la somo.

Wanafunzi walipokuwa wakitoka tulimwuliza msichana mmoja wa kundi la sita, kwa mazungumzo tu, walifanyaje mara ya tatu. Alijibu kwa adabu na bila wasiwasi wowote: "Mwalimu, mara ya tatu hatukuhesabu. Tuliona kwamba sita ndiyo inayotakiwa."

Tulirudi darasani na mwanachuo wetu, tukalitazama lile beseni. Maharage ni makubwa kuliko punje za mahindi, na beseni lilikuwa limetikiswa kwa kubebwa kutoka ofisini na kupitishwa meza kwa meza. Kila lilipotikiswa, maharage yalipanda juu. Makundi matano yalichota kwa kikombe, kikombe kikazama mpaka chini. Kundi la sita halikupata kikombe, maana vilikuwa vitano. Liliokota kwa mikono kutoka juu. Zaidi ya hayo, maharage kadhaa yalikuwa yamepasuka, nao wakahesabu kila nusu kuwa moja, kwa kuwa hakuna aliyewaambia vinginevyo. Kumi na nne yao haikuwa uzembe. Ilikuwa ndiyo namba yenye mafunzo mengi kuliko zote ubaoni, nasi tuliifuta. Kosa lilikuwa letu zaidi kuliko la mwanachuo, kwani yeye alifanya kile ambacho fomu yetu ilimtuza.

Msichana yule akija kuajiriwa maabara, na sahani ya mtu aliyejitolea damu yake ikatoa namba isiyotakiwa, atafanya nini? Atakumbuka alichofundishwa. Ndiyo maana katika maabara za majaribio huandikwa mapema, kabla ya sahani kusomwa, ni katika hali zipi kipimo kitakataliwa na kurudiwa: vishimo vitupu vikizidi madoa kadha, vile vya kuamsha vikipungua kadha, seli hai zikiwa chini ya sehemu fulani ya zote. Jibu kutopendeza halimo katika orodha. Na namba iliyokosewa haifutwi kwa wino mweupe. Huchorwa mstari mmoja juu yake ili iendelee kusomeka, na aliyeisahihisha huweka sahihi na tarehe.

Tulilirudia somo wiki iliyofuata kwa ruhusa ya mwalimu wa darasa. Safari hii tulilianza na namba sita za kwanza, 14 ikiwamo, tukawaomba wanafunzi waeleze tofauti zinatoka wapi. Walizungumza kwa muda mrefu kuliko tulivyopanga. Sababu ya kikombe waliitaja wao wenyewe. Ya maharage yaliyopasuka pia. Mvulana mmoja aliuliza swali gumu zaidi: je, 3 na 9, zilizochotwa kwa kikombe na watu waangalifu, mbona nazo zinatofautiana mara tatu? Hapo ndipo mwalimu anapotakiwa kueleza bahati ya kuchota. Kitu kikiwa haba, hata mikono iliyo sawa haichoti sawa. Usanifishaji huondoa tofauti zinazoletwa na watu, hauondoi hii. Dawa yake ni kuchota nyingi zaidi au kurudia, na ndiyo sababu maabara hutumia vishimo viwili au vitatu kwa kila kipimo.

Kisha wanafunzi waliandika mwongozo wao: koroga kwa mwiko mara kumi kabla ya kila kuchota, chota kwa kikombe mpaka chini, mbili zilizopasuka ni moja, na nusu iliyobaki peke yake isihesabiwe, watu wawili wahesabu kila mmoja kivyake, na wakitofautiana wote wawili warudie huku namba za kwanza zikibaki daftarini. Walipochota tena walipata 4, 6, 8, 5, 7 na 5. Wastani haukuwa 6 kamili, wala hatukuwataka uwe.

Mwalimu atakayelijaribu somo hili ajiandae kwa swali moja ambalo halikosekani: basi, kama vipimo vilifanyika vizuri hivyo, chanjo ya UKIMWI iko wapi? Lijibiwe kwa ukweli. Kuhesabu seli vizuri ni kujua kwamba chanjo imeamsha kinga fulani, wala si kujua kwamba kinga hiyo inatosha kumlinda mtu. Mwaka 2007 jaribio kubwa lililofanyika nje ya bara letu, liitwalo Step, lilisimamishwa: wengi waliochanjwa walikuwa na madoa mazuri katika elispoti, lakini chanjo haikuwakinga. Karibu nasi zaidi, jaribio la PrEPVacc lililoanza Desemba 2020 kwa kushirikisha watu 1,512 wa Uganda, Tanzania na Afrika Kusini, Mbeya na Dar es Salaam zikiwamo, lilisimamisha utoaji wa chanjo mwishoni mwa 2023, na matokeo yake ya mwaka 2024 yalionyesha kwamba chanjo hizo hazikuzuia maambukizi. Wanafunzi wengine husikitika wakisikia hivyo, na wengine huona kazi yote ilikuwa bure. Waulizwe: kama kila maabara ingehesabu kivyake, tungejua vipi kwamba chanjo ndiyo iliyoshindwa, na si hesabu?

Kuhusu zana, neno moja tu. Punje zichaguliwe kavu, na zihifadhiwe katika chupa iliyozibwa. Za kwetu tuliziacha katika mfuko wa karatasi kabatini, na muhula uliofuata tulipozihesabu upya tulikuta maharage 60 yamekuwa 41 na unga mwingi.